Watumishi wa Wakimbizi na Mzigo Waliorudi Nao

Sisi tunaoishi Chato hatukuzisikia habari za wakimbizi kama habari za mbali. Mwaka 1994 Chato ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera, na ukitoka Biharamulo kuelekea magharibi unaingia Ngara, wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi. Wilaya ya Chato na Mkoa wa Geita vilikuja baadaye. Kwa hiyo wakati dunia ilipokuwa ikiulizana Ngara iko wapi kwenye ramani, watu wa kanda hii walikuwa na ndugu huko, walifanya biashara huko, na haikupita muda wengine wakapata ajira huko. Mengi yamesemwa juu ya wakimbizi wenyewe, na ni haki yasemwe. Katika insha hii tunawatazama waliowahudumia: wauguzi, madereva, makarani wa ghala za chakula, walinzi, wachimba visima, wakalimani na watumishi wa Kanisa. Wengi wao walirudi nyumbani na mzigo ambao haukuwa na jina, na baadhi yao wanakaa nasi kwenye mabenchi ya usharika hadi leo.

Kazi yenyewe Kanisa letu lilikuwa limeianza zamani. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipoundwa mjini Lund, Sweden, mwaka 1947, vita kuu vilikuwa vimekwisha juzi tu, na ilisemwa kwamba Mlutheri mmoja kati ya kila sita duniani alikuwa mkimbizi au mtu aliyeng'olewa kwao. Inafaa kulikumbuka hili, maana tumezoea kudhani kwamba mkimbizi ni Mwafrika na mtoaji wa msaada ni Mzungu. Huduma ya Kilutheri kwa wakimbizi ilianzia kwa Wajerumani, Waestonia na Walatvia waliokuwa wakilala kwenye mabehewa na kambi za mbao.

Mwaka 1963 makanisa saba yaliungana kuwa KKKT. Mwaka uliofuata, 1964, Fungamano lilianzisha nchini shirika la TCRS, huduma ya Kikristo kwa wakimbizi, likishirikiana na serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Wa kwanza kuhudumiwa walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza 1959, na baadhi yao walipewa makazi Mwesi, katika nyanda za juu za Mpanda. Baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 yakafuata makazi makubwa ya Ulyankulu, Katumba na, kuanzia 1978, Mishamo. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen na UNHCR kwa jinsi taifa lilivyowapokea watu hao.

Mtumishi wa miaka hiyo naye alisikia habari za kutisha. Lakini huduma ilikuwa na umbo ambalo moyo wa mtu uliweza kulibeba. Mkimbizi alifika, akapewa shamba, jembe na mbegu. Kisima kikachimbwa, shule ikajengwa, kanisa la nyasi likawa la matofali. Mtumishi aliyemwona mama akifika amebeba mtoto mgonjwa aliweza, miaka mitano baadaye, kumwona mama yule yule akiuza mahindi. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 kati ya wale wa 1972 na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye tofauti kubwa na yaliyokuja baadaye. Binadamu anaweza kusikiliza maumivu mengi sana iwapo anaona yanakoelekea.

Kisha ukaja mwaka 1994. Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa Kigali tarehe 6 Aprili, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza usiku ule ule. Tarehe 28 na 29 Aprili, watu waliokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa takriban saa 24. UNHCR lilisema halijapata kuona watu wengi kiasi hicho wakikimbia kwa kasi namna hiyo. Walikusanywa mahali palipoitwa Benaco, jina lililobaki kutoka kwa kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara iliyokuwa imepiga kambi hapo. Mwezi mmoja nyuma hapakuwa na kitu ila vilima, nyasi na bwawa. Sasa watu walisema kwa mzaha mchungu kwamba ni mji wa pili kwa ukubwa nchini. Baadaye ziliongezwa kambi nyingine, Lumasi, Musuhura na Lukole, na wakimbizi wakawazidi kwa mbali wenyeji wa wilaya.

Waliowapokea kwanza hawakuwa wageni wa ndege. Walikuwa wanavijiji, polisi wachache wa mpakani, watu wa Msalaba Mwekundu wa Tanzania, na hospitali za misheni zilizokuwa jirani, ile ya Kianglikana ya Murgwanza na ile ya Kikatoliki ya Rulenge. Waliosimama darajani Rusumo waliona pia kitu kingine. Chini ya daraja mto Kagera ulikuwa ukipitisha maiti juu ya maporomoko, siku baada ya siku. Mto ule humwaga maji yake katika ziwa letu, kidogo tu kaskazini ya mpaka wa Uganda. Wavuvi na wanavijiji wa upande wa Uganda, huko Kasensero, Lambu na Ggolo, ndio walioopoa na kuzika miili zaidi ya 10,000. Kando ya ziwa watu waliacha kula samaki. Wengi wetu tunalikumbuka hilo la samaki kuliko jambo lingine lolote la mwaka ule, na labda ni kwa sababu samaki ni kitu mtu anachoweza kukizungumza mezani.

Chakula cha kambi kilitoka mbali. Nafaka ilikuja kwa reli hadi Isaka, Shinyanga, ikapakiwa kwenye malori, ikapita Kahama, Masumbwe, Ushirombo, Runzewe na Nyakanazi, kisha Lusahunga na kuendelea hadi Ngara. Ni njia inayokatiza katikati ya kanda yetu ya dhahabu. Madereva na matingo wake walikuwa vijana wa huku. Hakuna aliyewahesabu kuwa watumishi wa wakimbizi. Walikuwa watu wa magari. Lakini dereva alilala kambini akisubiri kupakua, alinunua chai kwa mkimbizi, alisikia. Aliporudi Kahama au Katoro aliulizwa kama posho ni nzuri, na posho ilikuwa nzuri. Hakuulizwa lingine.

Wakalimani ndio tunaotaka kukaa nao zaidi. Mzungu wa shirika, Mtanzania kutoka Moshi au Dar es Salaam, daktari, afisa wa usajili, wote hawakujua Kinyarwanda. Kihangaza na Kishubi cha Ngara ni ndugu wa karibu wa Kinyarwanda na Kirundi, na Kiha cha Kibondo na Kasulu vivyo hivyo. Kwa hiyo kijana aliyemaliza kidato cha nne, au hata darasa la saba, aliweza siku moja kuwa masikio na kinywa cha kambi nzima. Kanuni ya ukalimani ni kwamba mfasiri husema kwa nafsi ya kwanza. Hasemi, mama huyu anasema watoto wake waliuawa. Husema, watoto wangu waliuawa. Anasema hivyo asubuhi, anasema hivyo mchana kwa mtu mwingine, na kesho tena. Neno "mimi" linapita kinywani mwake likiwa limebeba msiba wa mtu mwingine, na masikio yake ndiyo ya kwanza kulisikia. Daktari alipata muda mfupi wa kujikinga, kwa kuwa alisikia kwa Kiswahili au Kiingereza kilichokwisha kusafishwa. Mkalimani alisikia kilio chenyewe katika lugha ya bibi yake.

Mambo yayo hayo yalitokea tena Arusha. Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ya Rwanda mwezi Novemba 1994, na kesi ya kwanza, ya Jean-Paul Akayesu, ilianza kusikilizwa Januari 1997. Hukumu yake ya Septemba 1998 inasomwa na wanafunzi wa sheria dunia nzima. Kila neno la mashahidi waliozungumza Kinyarwanda lilipita kinywani mwa mkalimani aliyekaa nyuma ya kioo, naye akisema "mimi".

Mzigo wa Ngara, hata hivyo, haukuwa wa kusikia tu. Jambo gumu zaidi lilikuwa kwamba wengi wa waliovuka Rusumo hawakuwa wamenusurika mauaji. Walikuwa wakimkimbia mshindi wa vita, na katikati yao walikuwemo waliofanya mauaji, pamoja na viongozi waliowaamuru. Mwezi Juni 1994 Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa meya wa Murambi, alionekana Benaco. Yalipofanywa majaribio ya kumwondoa, umati wa maelfu wenye mapanga na marungu uliwazingira watu wa UNHCR, na mashirika yakalazimika kusimamisha kazi kwa muda. Mahakama ya Arusha ilimtia Gatete hatiani mwaka 2011. Lakini mwaka 1994 karani wa Kitanzania aliyekuwa na daftari la mgao alipaswa kumpimia mahindi, maharage na mafuta kila mtu aliyekuja na kadi, na viongozi wa zamani wa wilaya za Rwanda ndio waliosimamia orodha. Alijua, au alihisi. Mwezi Desemba 1994 tawi la Kifaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika kambi za Tanzania, likisema haliwezi kuendelea kuwalisha na kuwatibu wauaji. Waliweza kuondoka. Karani wa Biharamulo hakuwa na Paris ya kurudi, na aliyemwondokea mezani alikuwa pia mtoto mwenye njaa ambaye hakuua mtu.

Sisi Walutheri tunafundishwa kwamba mkate wa kila siku Mungu huwapa hata waovu. Ni mafundisho mazuri kuyakariri. Kuyatenda kwa bakuli mkononi, mwaka mzima na zaidi, ni kazi nyingine.

Kisha ukaja Desemba 1996. Mapema mwezi ule serikali na UNHCR walitangaza kwa pamoja kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao ifikapo tarehe 31. Wengi waliogopa wakaanza kukimbilia ndani ya nchi, upande wa mashariki, na jeshi likawarudisha kuelekea Rusumo. Karibu nusu milioni ya watu walivuka daraja lile lile katika wiki chache. Mashirika ya haki za binadamu, Amnesty International likiwa mojawapo, yalilaumu vikali. Wengine walisema nchi ilikuwa imechoka, misitu imekwisha, ujambazi umezidi, na hayo pia yalikuwa kweli. Hatuandiki hapa kuamua ugomvi huo. Tunachotaka kuonyesha ni mahali alipokuwa amesimama mtumishi. Muuguzi aliyekuwa amezalisha watoto Benaco kwa miaka miwili na nusu sasa aliwaona wakipita barabarani migongoni mwa mama zao katika mvua, akijua majina yao, bila kujua wanakokwenda ni uzimani au kifoni. Yule wa Mishamo alikuwa ameona mavuno. Huyu aliona migongo.

Kazi ikaisha, mikataba ikaisha, magari meupe yakahamia Kibondo na Kasulu ambako kambi za Warundi na Wakongo zilikuwa zikifunguliwa. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo huo wa 1996. Wengine wa kwetu waliyafuata. Wengine walirudi kulima pamba, kuvua, au kujaribu bahati kwenye mashimo ya Geita. Na hapo nyumbani ndipo yalipoanza kuonekana mambo ambayo hakuna aliyeyaunganisha na Ngara. Mtu hapati usingizi. Anaota matukio ambayo hakuyaona kamwe kwa macho yake, ila aliyasimuliwa. Anashtuka mtoto akilia usiku. Anakuwa mkali, au anakuwa baridi kama jiwe. Msiba ukitokea mtaani hana machozi, na watu wanamsema. Mwingine alikuwa amekwenda kambini na huruma nyingi, akarudi akisema kila mkimbizi ni mwongo. Tunaamini kwamba hiyo ya mwisho ndiyo huchanganya watu zaidi, kwa sababu inaonekana kama ubaya wa tabia. Mara nyingi ni moyo uliofunga mlango kwa kuwa ndani hapakuwa tena na nafasi.

Wataalamu walikuwa wakianza tu kulipa jambo hili jina. Madaktari wa akili wa Marekani walikuwa wameingiza kiwewe katika mwongozo wao wa magonjwa mwaka 1980, wakifikiria hasa askari wa Vietnam na watu waliopatwa na balaa wenyewe. Mwaka 1990 Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman waliandika juu ya majeraha yanayompata anayemsikiliza mwenye kiwewe. Mwaka 1995, Benaco ikiwa bado imejaa watu, Charles Figley alitoa kitabu kilichoeneza jina la "uchovu wa huruma". Mwongozo ule wa Marekani ulikuja kukubali rasmi mwaka 2013 kwamba mtu anaweza kupata kiwewe kwa kukutana tena na tena, katika kazi yake, na undani wa mateso ya wengine, na mfano wa kwanza unaotolewa pale ni wa watu wanaokusanya mabaki ya binadamu. Wavuvi wa Kasensero walikuwa wamengoja miaka 19.

Majina ya wataalamu yanasaidia. Yanamwondolea mtu hofu kwamba amerogwa au kwamba imani yake ni haba. Lakini si kweli kwamba Kanisa halikuwa na neno kabla ya 1990. Nabii Ezekieli alitumwa kwa watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka kwao, waliowekwa kando ya mto Kebari huko Babeli. Alipofika kwao Tel-abibu hakuhubiri. Aliketi katikati yao siku saba akiwa ameduwaa (Ezekieli 3:15). Tumesikia mahubiri mengi juu ya mifupa mikavu ya sura ya 37, machache sana juu ya siku hizo saba. Nabii alikuwa amekwisha kuitwa, amekwisha kula gombo la Neno, na bado mwili na roho yake vilinyamazishwa na alichokiona kwa wakimbizi. Maandiko hayamkemei. Neno la Bwana lilimjia tena siku saba zilipokwisha, si kabla.

Na Martin Luther naye yumo katika historia hii. Mwezi Agosti 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamia Jena, mkuu wa nchi akamtaka Luther aondoke, naye akabaki pamoja na Johannes Bugenhagen. Nyumba yake ikawa kama hospitali, mkewe Katharina akiwa mjamzito. Mwaka ule ule aliandika barua ndefu kwa Johann Hess, mchungaji wa Breslau, kujibu swali kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni. Watu hukumbuka nusu ya jibu lake: mchungaji, hakimu, mtumishi aliye na wajibu kwa wengine, asikimbie. Nusu ya pili husahaulika. Alisema kwamba pakiwa na wengine wa kutosha kufanya kazi, wakakubaliana, baadhi wanaweza kuondoka bila dhambi. Aliyeandika hayo hakuwa mtu wa chuma. Tangu Julai mwaka ule alikuwa ameangushwa na ugonjwa na giza la moyo, na aliwaandikia rafiki zake akiomba wamwombee, akisema alihisi kama amempoteza Kristo kabisa. Hakulificha hilo kwa kuogopa kuonekana mdhaifu mbele ya washarika.

Ukilinganisha na jinsi mtumishi anavyozungumziwa kwetu, unaona pengo. Kwetu mtumishi aliyechoka huambiwa aombe zaidi. Mwanamume huambiwa ajikaze. Aliyefanya kazi na shirika huonekana mtu aliyebahatika, amejenga nyumba ya bati, analalamika nini? Lakini desturi zetu wenyewe zina hekima kuliko maneno hayo. Katika vijiji vingi vya kanda hii waliochimba kaburi hunawa kabla ya kuketi kula, na hawaachwi kuchimba peke yao hadi mwisho. Mwingine huingia shimoni, wa kwanza akatoka. Hakuna anayemwambia aliyetoka kwamba ameshindwa.

Yako mambo ambayo sharika zinaweza, na baadhi tumeyaona yakifanyika. Watu wawili waliofanya kazi kambini wakikutana mara kwa mara na mzee wa Kanisa anayejua kunyamaza, bila haraka ya kufungua Biblia, husema mambo ambayo hawakuwahi kuwaambia wake zao. Ungamo la faragha, ambalo Katekisimo yetu Ndogo inalifundisha na ambalo wengi wanadhani ni la Wakatoliki, linampa karani wa Benaco mahali pa kuleta swali lake la yale mahindi. Yeye mwenyewe hajui kama aliyoyafanya yalikuwa dhambi au huruma, na si lazima ajue kwanza ndipo aje. Mahali ambapo usingizi umepotea kwa miezi, au mtu anasema hataki kuishi, mchungaji ampeleke hospitali, aende naye, na asidhani amemwachia daktari kazi ya Mungu.

Mchungaji naye husikia. Kiapo cha kutunza siri za ungamo kinamzuia kuyatoa nje aliyoyasikia, na ni vema kimzuie. Hakimzuii kuwa na mchungaji wake mwenyewe. Katika majimbo yetu mengi umbali ni mkubwa, mitaa ni mingi na pikipiki ni moja, kwa hiyo anayemsikiliza mchungaji mara nyingi ni mke wake, ambaye hakuapishwa kwa kazi hiyo na hana wa kumwambia.

Leo kambi za Ngara hazipo. Pale Benaco pana nyumba, maduka na malori yanayongoja kuvuka mpaka. Nyarugusu na Nduta ziliendelea baada yake, Warundi na Wakongo wakisailiwa humo kama wana sababu ya kubaki, kurudi au kupelekwa nchi ya tatu. Kila usaili una mtu anayeuliza, mtu anayejibu, na kati yao mtu wa tatu anayesema "mimi" kwa niaba ya mwenzake kuanzia asubuhi hadi jioni, halafu anapanda basi kurudi kwao mwisho wa mwezi.